Msimamo Hulipiwa na Nani?

Karama ana bahati ambayo wahusika wengi wa riwaya ya Kiswahili waliokuja baada yake hawakuipata: alisikilizwa mpaka mwisho. Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, anasimama barazani mbele ya mfalme akishtakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Mshtaki wake ni Majivuno, waziri mwenye cheo na ulimi. Karama anajitetea kwa siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja ambaye nchi ya Kusadikika ilimtuma mbali kutafuta jambo la kuwafaa watu, akapata taabu huko alikokwenda, akarudi na mashauri ya maana, akalipwa kifungo. Anapomaliza kusema, baraza si lile alilolikuta. Mfalme anamwachia huru, na wajumbe nao wanatolewa gerezani.

Ukiisoma kesi hiyo polepole utaona kwamba Karama hajizungumzii sana. Mtu mwingine aliyekalia kuti kavu kama lile angeanza na nafsi yake: mimi sina hatia, mimi nilikusudia mema. Yeye anazitumia siku zake zote kuwasemea watu sita ambao hawapo barazani na hawana wa kuwasemea. Hoja yake inakua ndani ya visa vyenyewe. Nchi inayowafunga wale iliowatuma imejinyima faida yake, na msikilizaji anaanza kulifikia wazo hilo mwenyewe kabla Karama hajalitamka. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na bila shaka alijua namna ya kusema jambo zito bila kumtaja mkubwa. Nchi yake aliiweka angani, wahusika akawapa majina yanayotangaza tabia zao, na msomaji wa Tanganyika akaachiwa kazi ya kuishusha chini.

Imani kwamba neno likisemwa vizuri mbele ya mwenye mamlaka litamgeuza ilikuwa imani ya wakati wake. Mwaka huohuo wa 1951 Wameru wa Engare Nanyuki walihamishwa kwa nguvu kupisha walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuisemea kesi yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Tofauti kati ya Kirilo na Karama ni tofauti kati ya historia na fumbo, na riwaya ya Kiswahili iliyofuata imehangaika kwa miongo saba ndani ya tofauti hiyo: mhusika afanye nini akishasema kweli na asibadilike mtu?

Shuleni tumezoeshwa kuliuliza jambo hili kwa njia moja tu. Mtahini anaandika: thibitisha kwamba mhusika fulani ni mtetezi wa haki. Mwanafunzi anaorodhesha sifa: jasiri, mwenye msimamo thabiti, mzalendo. Kila sifa anaiwekea tukio moja la kuithibitisha, anapata alama zake, na riwaya inafungwa. Sina ugomvi na mtihani kwa kuwa ni mtihani. Ninachokataa ni mazoea yanayobaki kichwani baada yake, ya kuuona msimamo kama kitu alichozaliwa nacho mhusika, mwingine anacho na mwingine hana. Riwaya nzuri zinasema kinyume cha hapo. Zinaonyesha msimamo ukitengenezwa, ukiyumba, ukipata bei, na zaidi ya yote zinaonyesha bei hiyo ikitua kwenye mlango wa mtu ambaye hakuulizwa. Swali linaloifungua riwaya ya aina hii, kwa maoni yangu, ni la nani aliyelipa, na je, mwandishi amekubali kumtazama aliyelipa.

Chukua Kuli ya Adam Shafi, iliyochapwa mwaka 1979. Rashidi anaingia bandarini Unguja akiwa hana siasa kichwani, anataka riziki. Baba yake, Majaliwa, alikuwa kuli pia, na kazi hiyohiyo ndiyo iliyomuua. Fikra ya kwamba wachukuzi wana haki ya kugoma inamjia Rashidi kutoka kwa wenzake, hasa Faraji, aliyetangulia kuielewa dunia ya bandari na aliyekuwa na subira ya kueleza. Nyuma ya hadithi hii kuna tukio la kweli, mgomo mkubwa wa Zanzibar wa Agosti na Septemba 1948, ulioanzia kwa wafanyakazi wa bandari ukaenea mjini kote. Shafi anafanya jambo ambalo Shaaban Robert hakulifanya: anaonyesha kwamba anachoamini mtu anaweza kukipata ukubwani, kazini, akiwa amebeba gunia, kutoka kwa mtu anayekula naye. Kwa hiyo msimamo wa Rashidi si mali yake peke yake. Ungeweza kumwondoa Rashidi kitabuni na mgomo ukabaki.

Udhaifu wa Kuli uko upande wa pili. Waajiri na wakubwa wa kampuni wana amri na dharau, lakini hawana mawazo. Msomaji hapati nafasi ya kuogopa kwamba huenda wana hoja, na mhusika anayepigana na ukuta usiojibu hatujui kama angestahimili jibu. Riwaya nyingi za miaka ya sabini, za Tanzania hasa, zina tatizo hili. Ziliandikwa wakati nchi ilikuwa imekwisha kuamua nani adui: bepari, kabaila, mkoloni, kupe. Mhusika mwema alikuwa tayari amepewa ushindi kabla ya ukurasa wa kwanza.

Mwandishi aliyekataa kumpa mtu ushindi huo wa mapema ni Euphrase Kezilahabi. Riwaya zake tatu za mwanzo zinatakiwa kusomwa pamoja, maana zote zinauliza kama mtu anaweza kusimama mahali ambapo hapajapata kuwekwa sakafu.

Rosa, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, ni binti wa Ukerewe anayelelewa na baba mlevi, Zakaria, ambaye ulinzi wake kwa mabinti ni kipigo. Kuna tukio la mapema ambalo hakuna aliyesoma kitabu hiki anayelisahau: barua kutoka kwa kijana Charles inaangukia mikononi mwa baba, na Rosa anapigwa vibaya. Tusiipite haraka barua hiyo. Rosa hakuwa amefanya kosa. Hakuwa hata ameamua chochote kuhusu Charles, kuhusu mapenzi, kuhusu mwili wake. Uamuzi ulifanywa na fimbo. Kwa hiyo anapotoka nyumbani kwenda shule ya bweni na baadaye chuo cha ualimu, anaondoka na utii ambao haujawahi kuwa imani. Siku hofu inapotoka, hakuna kilichobaki chini yake. Wanaomlaumu Rosa kwa kukosa msimamo wanasahau kwamba msimamo unahitaji mtu awe amewahi kuruhusiwa kutaka kitu. Anapojitahidi mwishowe kujirudi na kuanza upya, Charles anamkataa kwa kuwa si bikira, na Rosa anajiua. Wapo wahakiki wanaokiona kifo hicho kama upinzani. Mimi sikubaliani nao. Kifo kile ni mahali alipofikishwa na watu wawili, baba na mchumba, ambao kila mmoja kwa wakati wake alitetea kwa nguvu zote alichokiamini kuhusu usafi wa mwanamke. Zakaria na Charles ndio wenye msimamo katika riwaya hii. Rosa ndiye mlipaji. Kitabu kilipopigwa marufuku mashuleni, waliokizuia walikuwa wakitetea maadili, na nadhani walikuwa wanajiona upande wa wazazi wema bila kutambua wamekaa alipokaa Zakaria.

Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974, inamchukua msomi wa chuo kikuu, Kazimoto, mtu mwenye akili ya kuzibomoa imani zote na asiyeweza kujenga moja ya kukalia. Yeye naye anamalizia kwa kujiua. Sitakaa sana hapo. Riwaya inayonishughulisha zaidi katika suala hili ni ile ya mwaka uliofuata, Dunia Uwanja wa Fujo.

Tumaini, mhusika wake mkuu, anaanza kama kijana mtapanya mali asiyestahili heshima ya mtu. Baadaye anatulia, anakuwa mkulima mkubwa, anapata kitu ambacho jasho lake limekigusa. Ndipo Azimio la Arusha linapofika shambani kwake. Mali itaingia mikononi mwa umma. Tumaini anamuua kiongozi wa serikali aliyekuja kuitekeleza sera hiyo, na ananyongwa. Wasomaji wa Tanzania wa mwaka 1975 hawakuhitaji kuelezwa mwandishi anatazama wapi. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Dkt. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, katika mgogoro wa mashamba na ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kifo.

Mhusika kama Tumaini anamtia mwandishi katika mtihani mkubwa. Anaamini katika kitu ambacho taifa zima, angalau hadharani, lilikuwa limekubaliana kwamba ni kibaya: shamba lake ni lake. Analitetea kwa njia ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeisifu. Kezilahabi hamvishi taji na hamchori kama shetani. Anatuonyesha jasho, halafu bunduki, halafu kamba, na anatuachia sisi kazi ya kuunganisha. Hapo ndipo ninapoona uaminifu wa mwandishi. Ni rahisi kuandika mhusika anayetetea unachokiamini wewe. Kumpa heshima ya kusikilizwa mtu ambaye ungempinga barazani kunadai kitu kingine, na katika fasihi yetu waliolifanya hilo wanahesabika. Kezilahabi alilirudia katika Gamba la Nyoka, ya mwaka 1979, kuhusu wanavijiji waliohamishwa kwa nguvu kuingia vijiji vya ujamaa. Vijana wasomi wanaoongoza kijiji kipya wana nia njema na wanaamini wanachokisema. Wazee wanaokataa kuhama nao wana makaburi yao, mashamba yao, na shaka yao ya haki kabisa. Kila upande una mtu ambaye ungependa kuketi naye.

Sasa twende Ng'ambo, mjini Unguja, miaka ya hamsini. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapwa mwaka 1999, ndiyo riwaya yenye utajiri mkubwa kuliko zote juu ya suala hili, na nina hakika inasomwa vibaya mara nyingi. Ukimwuliza mwanafunzi nani ana msimamo katika Vuta n'kuvute, atakujibu Denge. Ni jibu lenye ushahidi. Denge amesoma Urusi, amerudi, anapinga utawala wa Waingereza, anasakwa na Inspekta Wright na askari wake, anaingia jela na kutoroka. Imani yake ina jina, ina wenzake, ina maandishi yanayosomwa kwa siri. Anapopigwa anajua kwa nini anapigwa, na anajua kwamba nje kuna watu wanaomwita shujaa.

Yasmin hana hata kimoja cha hivyo. Ni binti wa Kihindi wa miaka 15 aliyeozwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu aliyekwisha kupita miaka 50. Anamkimbia. Tendo hilo moja, la kutoka ndani ya nyumba, halina chama kinacholitetea wala gazeti litakaloliandika. Jamaa zake wanamfungia milango. Amewaaibisha. Mtoto wa watu aliyelelewa ghorofani, katika jamii inayojua mipaka yake na kuilinda, anajikuta hana pa kulala. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mswahili wa Ng'ambo, mwenye chumba kidogo na maisha ya kubahatisha.

Tumtazame huyu Mwajuma kidogo, kwa sababu hakuna karatasi ya mtihani inayomtazama sana. Hana hotuba. Anapenda taarabu, anapenda starehe zake, na hajidai mwanasiasa. Lakini kila msimamo uliomo katika riwaya hii umelala kwake angalau usiku mmoja. Yasmin asingekuwa na uhuru wa kuupigania kama kusingekuwa na kitanda cha Mwajuma, na mapenzi ya Yasmin na Denge yasingepata mahali. Polisi wakimtafuta Denge, wanawake waliompenda ndio wanaobanwa na kutishwa. Naliona hili kama jambo la kweli kabisa kuhusu siasa zetu: nyuma ya kila mpigania uhuru aliyekuwa akibadilisha nyumba za kulala, kulikuwa na mwanamke aliyefungua mlango saa nane ya usiku bila kuuliza itikadi, na asubuhi akabaki yeye kujibu maswali ya askari.

Shafi analijua hili. Denge anampenda Yasmin, na kitabu hakina shaka juu ya hilo, lakini hawezi kumpa nyumba, kwa sababu maisha yake ameyatoa kwingine. Anapotoroka visiwani, anaondoka na imani yake nzima. Yasmin anabaki kuyapanga upya maisha, na hatimaye anayajenga na mwanamume mwingine, Bukheti. Wapo wanaoona kwamba mwisho huu unampunguza Yasmin, kwamba alipaswa kumngoja mwanamapinduzi wake. Wanachotaka ni Yasmin alipe bili ya pili baada ya kumaliza ya kwanza. Yeye aliondoka kwa Raza kwa sababu aliamini kwamba maisha yake ni yake ayachague, na kumchagua Bukheti ni kuendelea na imani ileile. Filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya hii mwaka 2021 ilimweka Yasmin katikati ya kioo pamoja na Denge, na nadhani ilisaidia watazamaji wengi kuona kwamba kulikuwa na mapambano mawili tangu mwanzo.

Shafi alikuwa na kitabu kingine ndani yake, na hicho kilimgharimu. Rais Abeid Amani Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, watu wengi Zanzibar walikamatwa, na Adam Shafi alikuwa mmoja wao. Haini, riwaya iliyotoka mwaka 2003, inamfuata Hamza, aliyetiwa kizuizini baada ya kuuawa kwa kiongozi wa nchi. Hapa fasihi yetu imefika mbali sana na baraza la Kusadikika. Wahoji wa Hamza hawataki kusikia hoja. Wanachotaka kimekwisha andaliwa. Kinahitaji mdomo wa kukikubali. Maneno, ambayo yalikuwa silaha ya Karama, yamegeuka kuwa kitu ambacho mtesaji anakivuta kutoka mwilini kwa nguvu. Katika hali hiyo mhusika anayeilinda kweli anailinda kwa kukataa kusema. Msomaji aliyezoea mashujaa wenye hotuba anapata taabu na kurasa hizi, kwa kuwa ushujaa wenyewe hauonekani. Ni mtu sakafuni, amechoka, anayejaribu kutolitamka jina la rafiki yake.

Haini pia ina huruma kwa waliovunjika, na hilo ndilo linaloifanya iwe ya mtu aliyepitia. Mwandishi ambaye hajapata kuhojiwa usiku angeweza kuwagawa wafungwa wake mafungu mawili, mashujaa na wasaliti. Riwaya hii inajua kwamba mwili una mpaka, na kwamba mpaka huo hauhusiani sana na ukubwa wa imani.

Wakati mwingine serikali yenyewe imesoma riwaya kwa makini kuliko walimu. Ngũgĩ wa Thiong'o alipochapisha Matigari kwa Kikuyu mwaka 1986, akiwa uhamishoni, alimsimulia mtu anayezunguka nchi nzima akiuliza wapi ataipata kweli na haki. Kama Ngũgĩ mwenyewe alivyoeleza, habari ziliifikia serikali ya Kenya kwamba kuna mtu anaitwa Matigari anayezunguka akiuliza maswali hayo, na amri ikatoka akamatwe. Polisi walipogundua kwamba ni mhusika wa kitabu, mwanzoni mwa 1987 walikikamata kitabu. Matigari hana familia ya kulipa wala mwili wa kuumia, ndiyo maana anaweza kuuliza bila kuchoka. Waliolipa kwa ajili ya maswali kama yake walikuwa watu wenye mifupa. Katama Mkangi, mwandishi wa riwaya mbili, Ukiwa na Mafuta, aliwekwa kizuizini mwaka 1986 bila kushtakiwa.

Kuna aina nyingine ya mhusika ambayo lazima itajwe, maana inakera: mwenye haki anayeitetea kwa kumtumia mtu mwingine. Farashuu, bibi kizee wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, ana kila sababu ya kumchukia Bwana Maksuudi, aliyemharibia binti yake maisha. Kisasi chake kinampendeza msomaji. Maksuudi ni mtu ambaye unataka aanguke. Lakini chambo cha mtego ni Kazija, mjukuu wa Farashuu. Said Ahmed Mohamed ametuwekea hapo jambo ambalo darasani hupitwa mbio: dhuluma iliyofanywa juu ya mwili wa mwanamke mmoja inalipizwa kwa kuutumia mwili wa mwanamke mwingine. Wakati huohuo, ndani ya nyumba ya Maksuudi, binti yake Maimuna, aliyefungiwa asijue dunia, anatoroka na kuangukia ulevi na maisha ya danguro. Farashuu anaye wa kumtuma mbele yake, Maimuna hana mtu, na hatari inawafika vijana wote wawili kabla ya wazee waliowaweka hapo.

Katika riwaya za karibuni, hasa za Kenya zilizosomwa na mamia ya maelfu ya vijana kama vitabu teule, naona mabadiliko mawili, moja linanipendeza na moja linanipa wasiwasi. La wasiwasi ni msamaha wa haraka. Amani, wa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 2012, ameibiwa mswada wake na Majisifu, aliyeuchapisha kama wake. Ametupwa ndani kwa kosa asilolifanya. Jamaa zake wamedhulumiwa na Mtemi Nasaba Bora. Mwishoni anasamehe, na anawazuia wengine wasilipize. Naelewa kwa nini kitabu kilichoandikwa katika nchi iliyotoka kwenye damu ya uchaguzi wa Desemba 2007 kilitaka mhusika wa namna hiyo; Walibora alikuwa akiwasemesha vijana waliokuwa wameona nyumba zikichomwa. Hata hivyo kuna kurasa ambapo Amani ni mwema kiasi cha kutuficha maumivu yake, na msamaha usioonyesha ulichomgharimu aliyeutoa unafanana mno na amri ya kunyamaza.

Badiliko linalonipendeza linaanzia katika kitabu hichohicho, ambamo Walibora ameweka kitu kidogo ambacho mimi nakithamini kuliko msamaha ule mkubwa. Madhubuti, mwana wa Mtemi, anarudi kutoka masomoni Urusi. Baba ana uwezo wa kumtafutia kazi kwa mkono wa mtu anayemjua, kama kazi nyingi zinavyotafutwa kwetu. Madhubuti anakataa. Anahama jumba la baba na kwenda kuishi na Amani, mchunga ng'ombe wa nyumba hiyohiyo. Hakuna risasi wala mahakama. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki aliyemaliza chuo na kukaa miaka nyumbani akisubiri simu ya mjomba anaujua uzito wa kukataa huko, na anajua mama yake mzazi angemwambia nini. Ajabu ni kwamba gharama hii, inayotukuta wengi wetu kila mwaka, ni adimu sana katika riwaya. Waandishi wetu wamezoea kuupima msimamo kwa jela na kaburi, wakati wengi wetu tunapimwa kwenye bahasha, kwenye sahihi, kwenye orodha ya majina inayopitishwa mezani.

Clara Momanyi amekaribia mahali hapo. Mangwasha, wa Nguu za Jadi ya mwaka 2021, ni mwandishi muhtasi katika ofisi ya chifu. Anapiga chapa barua, anapanga mafaili, anapokea wageni. Kwa hiyo anaona kabla ya wengine kwamba ardhi wanayokaa watu wake inauzwa na wakubwa. Kinachonipendeza ni kwamba silaha yake ni ileile kazi yake: ameona karatasi. Ana mume ambaye kwa muda mrefu ni mzigo zaidi kuliko msaada, ana watoto wa kulisha, na mshahara unaotoka katika ofisi ileile anayoitilia shaka. Anapoanza kusema, hasemi peke yake. Anatafuta wenzake, wanawake kwa wanaume, na mapambano yanakuwa ya watu wanaokutana na kupangana. Hapo Momanyi amerudi kwenye njia ya Kuli, ya kuamini pamoja, lakini amemweka mbele mtu ambaye Kuli haikumwona, mama mwenye ajira ndogo na mengi ya kupoteza. Ningetamani angemwacha Mangwasha akose usingizi kwa kurasa nyingi zaidi, usiku ule kati ya kuiona karatasi na kuamua atamwambia nani, kwa sababu katika saa hizo mshahara wa mwezi ujao na majirani zake wamelala kwenye mizani moja, na watoto wako chumba cha pili.